Maisha ya Marehemu Shaaban Robert, Mtu wa Fikra Nyingi

Mhariri alipotangaza mstarini kwamba ukurasa wa Maisha ya Watu Mashuhuri ulikuwa haujapata mwandishi muhula huu, mimi nilinyosha mkono kabla sijafikiri nitaandika habari za nani. Ndivyo nilivyo, na wenzangu wa bwenini wanajua. Nyuma ya daftari langu la hesabu mna mashairi, mna picha ya mashine ya kukamulia alizeti iendeshwayo kwa baiskeli, mna orodha ya majina ya ndege wa hapa Issuna kwa Kinyaturu, na mna mianzo ya hadithi tatu ambazo hazijapata mwisho. Katika ripoti yangu ya muhula uliopita iliandikwa kwamba akili ninayo lakini haikai mahali pamoja. Baba aliisoma ripoti ile mara mbili, akaikunja, akaniuliza nataka kuwa mtu gani. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa maana nilikuwa na majibu sita.

Basi nikaenda maktaba kumtafuta mtu ambaye fikra zake zilikuwa zikienda huku na huku kama zangu, lakini akafanya kazi iliyoonekana. Sikumkuta katika vitabu vya Ulaya. Nilimkuta katika rafu ya Kiswahili, mtu ambaye jina lake twalikariri kwa ajili ya mtihani kisha twalisahau. Ni marehemu Shaaban Robert wa Tanga.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Nchi wakati huo ilikuwa ya Wadachi. Asili ya ukoo wake ni Wayao, lakini yeye alijihesabu kuwa Mswahili, na jina la Robert lisimpotoshe msomaji: alikuwa Mwislamu tangu kuzaliwa hata kufa. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha na Waingereza kushika nchi, alikuwa bado mtoto. Katika mwaka wa 1922 alipelekwa Dar es Salaam kusoma, akakaa shuleni hata mwaka wa 1926. Katika mtihani wa kumaliza alikuwa wa pili kati ya watahiniwa 11, akapata cheti chake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, yaani umri wangu mimi ninayeandika haya, na huo ndio ukawa mwisho wa masomo yake ya darasani. Hakukanyaga chuo kikuu hata siku moja. Nimesoma mahali fulani watu wakimsifu kana kwamba alishushiwa elimu kutoka mbinguni, lakini mimi naona alikuwa kijana wa shule kama sisi aliyeendelea kusoma baada ya kengele ya mwisho kulia.

Mwaka uleule wa 1926 serikali ilimwajiri kuwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka 18, Pangani na mahali pengine. Yafaa tufikiri kidogo kazi ya karani wa forodha ilikuwaje, maana watu wengi huiruka habari hii upesi ili wafike kwenye vitabu. Chombo kinatia nanga. Karani anakwenda na daftari lake, anaandika kila kitu kilichomo: magunia ya nazi kavu mangapi, maboriti mangapi, vitambaa vya namna gani, chumvi kiasi gani. Kila bidhaa ina safu yake na ushuru wake. Haimpasi karani kuandika chumvi katika safu ya vitambaa, hata kama zote zimo katika jahazi moja. Jioni hesabu zinajumlishwa, na lazima zikubaliane.

Sasa, huyu karani ndiye aliyekuwa na kichwa kilichojaa mashairi, hadithi, mawaidha, safari za hewani, habari za wafalme na za waimbaji. Nilipoiangalia orodha ya vitabu vyake, ambavyo ni zaidi ya 20, nilishangaa kwanza kwa jinsi visivyofanana. Kuna mashairi na tenzi. Kuna insha fupi fupi. Kuna hadithi za nchi zisizokuwako duniani. Kuna maisha yake mwenyewe, na maisha ya mtu mwingine, Siti binti Saad wa Unguja. Kuna mithali. Kuna tafsiri ya mashairi ya Omar Khayyam wa Uajemi, ambayo aliifasiri kutoka katika Kiingereza cha Edward FitzGerald. Angekuwa mwanafunzi wa siku hizi angeambiwa achague kimoja. Yeye hakuchagua kimoja. Ila pia hakuvichanganya ovyo, na hapo ndipo nilipoanza kumsoma kwa makini.

Bibi yangu ana vilindo vinne nyumbani. Uwele una kilindo chake, mtama wake, karanga zake, na mbegu ya mwaka ujao haiwekwi pamoja na chakula bali hutundikwa juu ya moshi, dumuzi wasiifikie. Ukiingia jikoni gizani, yeye hunyosha mkono tu akapata alitakalo. Mimi nadhani Shaaban Robert alifanya vivyo hivyo kwa fikra zake. Wazo dogo, lenye urefu wa ukurasa mmoja au miwili, lilitiwa katika insha. Ndiyo maana akatoa Kielezo cha Insha katika mwaka wa 1954. Huzuni na mapenzi vilitiwa katika shairi. Shauri la serikali na sheria, ambalo lisingesemwa wazi chini ya utawala wa kigeni, lilitiwa katika hadithi ya nchi ya kubuni. Na mambo makubwa ya dunia, kama vita, yalitiwa katika utenzi mrefu: Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya 1939 hata 1945, una beti 3,000. Mtu anayesema kwamba mwenye fikra nyingi hawezi kumaliza jambo na azihesabu beti hizo.

Tena tazama majina aliyovipa vitabu vyake. Kimoja ni Pambo la Lugha. Kingine ni Almasi za Afrika. Kingine ni Koja la Lugha, na koja, kwa wenzangu wa bara wasiolijua neno hili, ni maua yaliyotungwa katika uzi yakavaliwa shingoni. Vyote hivyo ni vitu vidogo vidogo ambavyo thamani yake huonekana vikikusanywa. Sidhani kwamba majina hayo yalimjia kwa bahati.

Mwanzo wake haukuwa kitabu. Yeye, kama waandishi wengi wa wakati wake, alianza kwa kupeleka maandishi gazetini. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali, lililoanza mwaka wa 1923, nalo lilikuwa na nafasi ya mashairi. Nafasi hiyo ilikuwa ndogo, na udogo wake ulikuwa na faida kwa mtu wa namna hii. Shairi la gazetini lazima liishe. Huwezi kumpelekea mhariri mwanzo tu ukamwambia asubiri mwaka kesho. Naomba gazeti letu hili nalo liongeze ukurasa wa mashairi, na Mhariri asinichukie kwa kusema hivi katika ukurasa alionipa kwa kazi nyingine.

Nije kwa habari ya nyumba yake, maana hapo pana jambo lililonigusa kuliko yote. Mke wake wa kwanza aliitwa Amina. Alifariki akamwachia watoto, na miongoni mwao walikuwamo binti, Mwanjaa, na mvulana, Hussein. Baba huyu alikuwa mfanyakazi wa serikali, wa kuhamishwa wakati wowote, na watoto hawana mama. Angeweza kukaa kimya kwa huzuni, wala asingelaumiwa na mtu. Lakini aliandika. Kwa marehemu aliandika shairi lenye jina lake, Amina. Kwa binti aliandika utenzi uitwao Hati, na kwa mvulana aliandika utenzi uitwao Adili, ili kila mtoto awe na mafunzo yake mkononi hata baba asipokuwako. Msiba ulikuwa mmoja, nao ulizaa maandishi matatu, kila moja likielekezwa kwa mtu wake. Nilipofika hapa nilifunga kitabu nikaenda kukaa nje, penye upepo, nikasikiliza malori yanayopita barabara ya Dodoma kwenda Singida. Nilikuwa nikidhani kwamba kupanga fikra ni kazi baridi, kama kupanga viatu chini ya kitanda siku ya ukaguzi.

Tenzi hizo mbili na shairi lile hakuzitoa peke yake. Alizitia ndani ya Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka wa 1949. Anayetafuta humo hadithi ya mtu tangu kuzaliwa, siku baada ya siku, hatakipenda kitabu hicho upesi. Habari za utoto wake ni chache. Anasimulia jambo, kisha anaingia shairi, kisha anatoa maoni juu ya ndoa au kazi, kisha anarudi. Mwenzangu mmoja alikirudisha maktaba akisema kwamba hakina mpango. Mimi namwomba akisome tena. Mtu akikumbuka maisha yake hayakumbuki kwa mfuatano wa kalenda. Anakumbuka kaburi, halafu anakumbuka harusi, halafu anakumbuka mtoto aliyemuuliza neno. Baadaye aliandika sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, na sehemu zote mbili zikatoka katika jalada moja mwaka wa 1966, mwenyewe akiwa amekwisha fariki.

Katika mwaka wa 1944 aliacha forodha akahamishiwa kazi nyingine ya serikali, katika idara iliyohusika na wanyama, na kwa muda alikaa Longido, katika nchi ya Wamasai. Fikirini mtu wa pwani, aliyezoea minazi na maji ya bahari, akikaa Longido. Sisi wa Singida twajua baridi ya usiku na vumbi la mchana, hatuwezi kumcheka. Mwaka wa 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya hata mwaka wa 1952, kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi hata mwaka wa 1960. Jumla ya utumishi wake serikalini ni miaka 34. Vitabu vyote alivyovitoa katika miaka hiyo viliandikwa na mtu ambaye alikuwa na kazi nyingine ya mchana.

Katika hadithi zake zote, ile niionayo bora ni Kusadikika, iliyotoka mwaka wa 1951. Kusadikika ni nchi iliyo hewani, kati ya mbingu na ardhi. Kijana mmoja, Karama, ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya uanasheria. Kwa siku kadhaa anasimama mbele ya mfalme na baraza kujitetea. Na utetezi wake ni nini? Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja aliona mambo mazuri, akarudi na mashauri ya kuitengeneza nchi, naye akalipwa kifungo badala ya shukrani.

Hebu tuangalie kazi ya fundi hapo. Mwandishi alikuwa na safari sita, na kila safari ina nchi yake, desturi zake na mafunzo yake. Kama angeziandika moja baada ya moja tu, msomaji angechoka katika safari ya tatu akalala. Lakini safari zote zimefungwa katika kesi moja, na mwenye kuzisimulia anaweza kuuawa akishindwa. Kwa hiyo msomaji, kila akitoka safari moja, anarudi barazani kumtazama Karama kama bado yu hai. Fikra sita zimetawanyika pande sita za dunia, na kamba inayozishika ni shingo ya kijana mmoja. Jambo hili halikuelezwa darasani kwetu. Tulielezwa wahusika na maudhui, ambayo ni kweli, lakini mimi niliyekuwa na hadithi tatu zisizo na mwisho nilikuwa nikitafuta kamba.

Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka wa 1952, ina kamba ya namna hiyo pia. Mfalme Rai anasikia kwamba liwali wake Adili kila usiku huwapiga manyani wawili, anataka kujua sababu, na sababu hiyo ndiyo hadithi nzima, kwa kuwa manyani wale ni ndugu zake. Kisa chenyewe kina asili katika hadithi za Elfu Lela Ulela, lakini amekifanya cha Kiswahili kabisa.

Haki itendeke: si kila mahali alifaulu hivyo. Siku ya Watenzi Wote, kwa mfano, kwangu mimi ni kitabu kizito. Mambo mengi yametiwa humo, habari ya dini zote, ya maskini na matajiri, ya ndoa, ya umoja wa wanadamu, na Ayubu na wenzake husimama mara kwa mara kuhutubia hata hadithi inasahauliwa. Kamba imekuwa nyembamba na mzigo umezidi. Utubora Mkulima ni chepesi zaidi, kwa sababu kina mtu mmoja mwenye uamuzi mmoja: kuacha kazi ya mjini na kwenda kulima. Nasema hivi kwa heshima. Naona ni faraja kujua kwamba hata fundi mkubwa kama yeye mara nyingine alijaza kilindo kupita kiasi.

Jambo jingine nililoliona ni kwamba fikra zake hazikufa zilipokwisha andikwa mara moja. Zilirudi katika nguo nyingine. Adili ni jina la utenzi aliomwandikia mwanawe, kisha ni jina la liwali katika hadithi, kisha linatokea katika Masomo yenye Adili. Utu ni neno alilolipenda hata akalifanya mwanzo wa jina la mtu, Utubora, na katika Kufikirika yuko mwalimu aitwaye Utubusara. Mwanafunzi akiandika neno lilelile mara tatu huambiwa anajirudia. Lakini kuna kujirudia kwa mvivu, na kuna kujirudia kwa mtu anayechimba kisima palepale kwa sababu amesikia maji chini.

Wenye subira na wajifunze habari ya Kufikirika. Hadithi hiyo ya mfalme asiye na mrithi aliiandika katika miaka ya 1940. Haikupigwa chapa. Mwaka ukapita, na mwingine, na yeye akaendelea kuandika vingine. Pambo la Lugha na Kielezo cha Insha vilipigwa chapa mbali sana, katika chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Lakini Kufikirika ilikaa, nayo ikatoka mwaka wa 1967, miaka mitano baada ya mwenyewe kufa. Mwaka huohuo ulitoka Utenzi wa Vita vya Uhuru, ambao vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha kwa zaidi ya miaka 20. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka wa 1968. Mbegu zake nyingi zilikuwa bado zimetundikwa juu ya moshi wakati alipofariki, na hazikuliwa na dumuzi kwa kuwa zilikuwa zimeandikwa mpaka mwisho. Hicho ndicho alichowazidi wengine wengi wenye vichwa kama vyake.

Niseme kidogo juu ya hao wengine. Leonardo da Vinci wa Italia, aliyezaliwa mwaka wa 1452 na kufa 1519, alikuwa na fikra nyingi kupita watu wote: picha, mifupa ya mwili wa binadamu, mabawa ya ndege, mifereji ya maji, silaha za vita. Kurasa zaidi ya 7,000 za daftari zake zipo hata leo, zimeandikwa kwa mkono wa kushoto, kinyumenyume, hata msomaji huhitaji kioo. Lakini hakutoa kitabu hata kimoja maishani mwake, na picha alizozimaliza ni chache. Alipokufa kurasa zilitawanyika nyumba hii na nyumba ile. Kwetu pwani alikuwako Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa karibu na mwaka wa 1840. Yeye alitunga kwa jambo lililotokea siku hiyo, la vita, la mapenzi, la deni, na mashairi yake yakabaki katika vinywa vya watu. Yangepotea kama si Mwalimu Sikujua aliyeyakusanya na Mwingereza W. E. Taylor aliyeyaandika pamoja naye. Diwani ya Muyaka ilipigwa chapa mwaka wa 1940, miaka kama 100 baada ya kifo chake, katika chuo kikuu kilekile cha Witwatersrand. Shaaban Robert hakumwachia mtu mwingine kazi ya kukusanya. Alikuwa Muyaka, na alikuwa Sikujua wake mwenyewe.

Juu ya Siti binti Saad nitasema maneno machache, ingawa yeye pekee angestahili ukurasa mzima, na natumaini mmoja wa dada zetu wa Kidato cha Tatu ataandika. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika umaskini, hakujua kusoma, akawa mwimbaji wa taarabu aliyesafiri hata Bombay mwaka wa 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri. Alikufa mwaka wa 1950. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake, nayo yakatoka mwaka wa 1958. Karani msomi wa Tanga aliona kwamba mwanamke asiyejua kusoma amefanya kazi ya lugha iliyostahili kitabu. Mtu mwenye njia moja tu ya kufikiri asingeliona jambo hilo.

Katika miaka yake ya mwisho ya kazi alikuwa ameheshimiwa. Alikuwa mjumbe katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na katika baraza la mji wa Tanga. Alipewa tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na serikali ya Kiingereza ikampa nishani ya M.B.E. Muda wote huo alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua hizo, za tangu mwaka wa 1931 hata 1958, zilihifadhiwa, na zimekwisha kupigwa chapa kuwa kitabu. Miaka 27 ya kumwandikia mtu mmoja! Mimi nimeshindwa kumwandikia kaka yangu aliye Itigi mara mbili katika mwaka mmoja.

Alistaafu mwaka wa 1960. Ilionekana sasa kwamba mchana nao utakuwa wake. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata Uhuru, naye alikuwa hai akauona. Lakini hakupewa muda mrefu. Alifariki mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kwao Vibambani. Baada ya hapo wapiga chapa wa Nelson waliyakusanya maandishi yake mengi na kuyatoa kwa mfululizo uitwao Diwani ya Shaaban, kila kitabu na namba yake, kama bidhaa katika daftari la forodha.

Nakala ya Kusadikika niliyoisoma nimekwisha kuirudisha maktaba. Haina jalada, na kurasa mbili za mwisho zimebandikwa kwa gundi ya mti, lakini maneno yote yasomeka. Mimi nimechukua karatasi sita, nikaandika juu ya kila moja jibu moja katika yale majibu sita niliyoshindwa kumpa baba, na chini yake kila kitu kilichokuwa nyuma ya daftari la hesabu kinachohusu jibu hilo. Hadithi mbili nimeziweka zingoje. Ya tatu nimeipa mwisho, nayo ni fupi. Karatasi ya mashine ya alizeti nimeitia katika bahasha pamoja na barua kwa baba, kwa kuwa yeye ndiye mwenye baiskeli, na msimu wa kukamua umekaribia.